Maumivu ya mgongo: Tuijaribu yoga kabla ya kuzoea vidonge

Ukiamkia katika zahanati au kituo chochote cha afya humu nchini siku ya Jumatatu, huwezi kukosa kumwona mtu aliyeshika kiuno. Huenda ni mama muuza mboga aliyeinama tangu alfajiri akipanga mafungu ya sukuma wiki. Huenda ni dereva wa matatu ambaye hushinda amekalia kiti kilichobonyea kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi usiku. Huenda ni fundi wa cherehani, mchumaji wa majani chai, karani, au mwalimu anayesahihisha madaftari hadi usiku wa manane. Wote wana kilio kimoja: mgongo.

Na wote aghalabu huondoka na jibu moja: vidonge vya kutuliza maumivu. Vikiisha, mgonjwa hapangi foleni tena. Huenda moja kwa moja kwa kemisti, akataja jina la dawa, akalipa, akameza. Mwezi unapita, mwaka unapita, na mgongo ungali unauma.

Makala haya yanatetea njia nyingine ambayo Wakenya wengi wameipuuza, wengine wameiogopa na wengine wameicheka. Njia hiyo ni yoga. Sidai kwamba yoga huponya kila maradhi. Wanaodai hivyo wanaiharibia jina. Ninachodai ni kwamba kwa mgongo uliouma kwa muda mrefu, kwa viungo vilivyokakamaa na, kwa kiasi fulani, kwa shinikizo la damu, mazoezi haya yana manufaa ambayo yamepimwa na yakaonekana. Isitoshe, gharama yake ni ndogo mno. Ni makosa basi kuyaacha yawe mali ya wenye nacho peke yao.

UGONJWA WA WENGI

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Hakuna hali nyingine ya afya inayowafanya watu wengi kiasi hicho waishi bila uwezo wa kufanya shughuli zao kikamilifu. Shirika hilo linasema pia kwamba katika visa takriban 9 kati ya 10 haupatikani ugonjwa wala mfupa uliovunjika wa kueleza maumivu hayo. Mgonjwa hupigwa picha, picha ikaonyesha mifupa mizima, naye akarudi nyumbani akidhani daktari hajui kazi yake.

Yafaa tuelewe jambo hili. Uti wa mgongo husimama kwa msaada wa misuli: ya tumbo, ya kiuno, ya makalio na ya mgongo wenyewe. Mtu anapokaa au kuinama kwa namna moja kutwa nzima, baadhi ya misuli hiyo hulegea na mingine hukakamaa. Maumivu yakianza, mtu huogopa kusogea. Akiacha kusogea, misuli huzidi kudhoofika, na ikidhoofika maumivu huzidi. Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa.

Nayasema haya nikiyajua machungu yake. Miaka kadhaa iliyopita niliinama asubuhi kuokota ndala nikashindwa kuinuka. Nilibebwa hadi hospitali moja, nikachomwa sindano, kisha nikashauriwa nilale juu ya ubao kwa wiki mbili. Nilitii. Nilipoamka nilikuwa nimekakamaa kama ubao wenyewe, hata kufunga kamba za viatu nikawa nafungiwa na mtoto wangu. Siku hizi ushauri wa kulala kitandani kwa siku nyingi umeachwa na wataalamu kote duniani. Mgonjwa wa mgongo huambiwa aendelee kusogea na kufanya kazi zake kadiri awezavyo, kwa kuwa mwendo ni sehemu ya tiba.

Kuhusu vidonge, navyo vina mahali pake. Mtu aliyezidiwa hawezi kuambiwa avumilie. Lakini dawa kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku kwa miezi na miaka bila usimamizi wa daktari, zaweza kuchubua tumbo hadi lifanye vidonda na kutoa damu, kudhuru figo, na kupandisha shinikizo la damu. Hebu fikiria mama mwenye presha ambaye humeza dawa ya presha asubuhi na diklofenaki jioni. Mkono mmoja unajenga, mwingine unabomoa.

ASILI YAKE

Yoga ilianzia India maelfu ya miaka iliyopita. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na lina maana ya kuunganisha au kufunga pamoja, kama ng'ombe wa jembe wanavyofungwa nira. Kinachounganishwa ni mwili, pumzi na fikira. Kwa asili yake ni mafundisho mapana yanayogusa hata maadili na tafakuri. Ila sehemu iliyoenea ulimwenguni kwa ajili ya afya ni ile ya mikao ya mwili, kupumua kwa utaratibu na kuutuliza moyo.

Mmoja wa walioieneza zaidi ni B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India. Alikuwa mtoto dhaifu aliyesumbuliwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Akiwa kijana alikwenda mjini Mysore kwa shemeji yake, Tirumalai Krishnamacharya, aliyekuwa mwalimu wa yoga, akaanza kufundishwa. Mwaka 1937 alihamia Pune, akafundisha huko kwa miaka mingi, na mwaka 1966 kitabu chake Light on Yoga kikachapishwa na kusomwa kote duniani. Alifariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 95.

Jambo la Iyengar linalotuhusu sisi ni hili: alitumia viti, kamba, mito, ukuta na vipande vya mbao ili hata mzee, mgonjwa au mtu mwenye viungo vikavu aweze kufanya mazoezi bila kujiumiza. Kwa hivyo picha zile za msichana aliyejikunja kama chatu, mguu nyuma ya shingo, zisimtishe mtu. Hizo ni za waliobobea. Mwenye mgongo mbovu huanza kwa kulala chali na kukunja goti.

Desemba 2014 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa Juni 21 itakuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na siku hiyo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 2015. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika kwa jirani zetu mjini Addis Ababa, UNESCO iliiingiza yoga katika orodha ya urithi wa kitamaduni wa binadamu.

UTAFITI WASEMAJE?

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: haya yote ni sifa tu, au kuna ushahidi?

Ushahidi upo. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Annals of Internal Medicine la Marekani lilichapisha utafiti uliofanyiwa watu 320 mjini Boston, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha chini waliosumbuliwa na mgongo kwa muda mrefu. Kundi la kwanza lilihudhuria darasa la yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 12. La pili lilipelekwa kwa wataalamu wa tiba ya viungo. La tatu lilipewa kitabu cha maelezo. Ilibainika kwamba yoga haikupitwa na tiba ya viungo katika kupunguza maumivu na kurejesha uwezo wa kufanya kazi. Makundi hayo mawili pia yalipunguza umezaji wa dawa za maumivu kuliko lile lililopewa kitabu.

Naona utafiti huo una uzito kwetu kwa sababu haukufanyiwa matajiri wenye muda wa kupoteza. Ulifanyiwa watu wanaopanda basi kwenda kazini na kutibiwa katika vituo vya afya vya mitaani.

Mwaka huo huo wa 2017, Chuo cha Madaktari cha Marekani, yaani American College of Physicians, kilitoa mwongozo kwamba mgongo uliouma kwa muda mrefu utibiwe kwanza bila dawa, na yoga ikatajwa miongoni mwa njia zilizopendekezwa. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu hayo, lilipendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, likashauri dhidi ya mambo kadhaa yaliyozoeleka, yakiwemo kufunga mishipi ya kiunoni na kumvuta mgonjwa kwa uzani.

Lakini ukweli wote na usemwe. Mapitio ya tafiti 21 yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba nafuu inayoletwa na yoga ni ndogo, na kwamba haitofautiani sana na ile ya mazoezi mengine ya mgongo. Mapema, mwaka 2011, utafiti wa watu 228 katika jimbo la Washington nchini Marekani ulikuwa umeonyesha vivyo hivyo: yoga na mazoezi ya kunyoosha viungo zilikuwa sawa, na zote mbili zilishinda kitabu cha ushauri.

Basi kama ni sawa na mazoezi mengine, kwa nini nipigie debe yoga? Ni kwa sababu zoezi bora ni lile ambalo mtu ataweza kulifanya wiki hii, wiki ijayo na mwaka ujao. Kukimbia kunataka barabara salama, na mama wa mtaa wa mabanda hawezi kukimbia alfajiri gizani. Kuogelea kunataka kidimbwi. Mtaalamu wa tiba ya viungo yupo katika hospitali kubwa, na foleni yake ni ndefu. Yoga inataka nafasi ya kutandika mkeka, leso moja na robo saa. Mvua ikinyesha, unafanya. Watoto wakiwa shuleni, unafanya. Hata aliyezidi miaka 70 anaweza kufanya akiwa ameketi kwenye kiti.

PRESHA NA UZEE

Faida yake haikomei mgongoni. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa humu nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Maradhi haya hayapigi hodi. Mtu huonekana mzima hadi siku anapopooza upande mmoja.

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanaofanya yoga kwa miezi kadhaa, hasa ile yenye mazoezi ya pumzi, hupunguza kipimo cha juu cha shinikizo kwa wastani wa alama kama 5 hivi. Ni punguzo dogo, na kamwe halitoshi kumfanya mtu atupe dawa alizoandikiwa. Lakini likiongezwa juu ya dawa, kupunguza chumvi na kuacha sigara, lina faida yake. Namna linavyopatikana inaeleweka. Mtu mzima hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akifundishwa kupumua polepole, kama mara 6 kwa dakika, moyo hupunguza mbio na mwili hutoka katika hali ile ya kujiandaa kwa vita ambayo wengi wetu tunaishi nayo kwa sababu ya karo, kodi ya nyumba na madeni.

Kwa wazee, jambo kubwa ni kuanguka. Mzee akianguka akavunjika nyonga, mara nyingi huo huwa ndio mwanzo wa kulala kitandani asiinuke tena. Miongozo ya WHO ya mwaka 2020 inashauri watu waliozidi miaka 65 wafanye mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu za misuli angalau siku 3 kwa wiki. Kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta, jambo ambalo ni la kawaida katika yoga, ni zoezi la namna hiyo hasa.

"SISI NI WATU WA JEMBE"

Kuna hoja tatu ambazo husikika kila yoga inapotajwa. Sitaki kuzikwepa.

Ya kwanza ni kwamba mazoezi ni ya watu wa ofisini. Mkulima, hamali au mfanyakazi wa mjengo hutoka jasho kutwa. Ya nini kumwongezea mengine? Hoja hii ina mantiki, lakini ina kasoro. Kazi ya sulubu hutumia viungo vile vile kwa namna ile ile kila siku. Anayelima huinama mbele saa nyingi na nadra kujinyoosha nyuma. Hamali hubeba kwa bega lile lile. Misuli inayotumika huchoka, isiyotumika hudhoofika. Mtu wa namna hiyo hahitaji jasho zaidi. Anahitaji kunyoosha alichokunja na kuimarisha alichokisahau, na dakika 15 za jioni zinatosha kuanzia.

Ya pili ni dini. Wapo Wakristo na Waislamu wanaoogopa kwamba kuingia kwenye yoga ni kuingia katika ibada ya Kihindu. Hofu hiyo isidharauliwe, kwa maana ni kweli yoga ilikulia katika mazingira ya dini hiyo, na wapo walimu wanaoimba maneno ya ibada darasani. Lakini tuangalie wenzetu walivyoamua. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia liliwakataza Waislamu yoga yenye nyimbo na taratibu za ibada, likaruhusu ile ya mazoezi ya mwili peke yake. Mwaka 2017 Saudi Arabia, nchi yenye Makka na Madina, iliruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Asiyetaka nyimbo amwambie mwalimu mapema kwamba yeye amekuja kunyoosha mgongo. Mwalimu mwema ataelewa, na asiyeelewa aachwe.

Tena tusisahau kwamba tumeishi na watu wenye asili ya India tangu kabla ya reli kufika Kisumu. Tumeipokea chapati tukaifanya chakula cha Krismasi. Tumezipokea sambusa na biriani, na hakuna aliyeulizwa dini yake alipozila. Yaliyotunenepesha tumeyapokea kwa mikono miwili. Linalotunyoosha tunalionea haya!

Ya tatu ni gharama, na hapa ndipo wananchi wana haki ya kulalamika. Katika baadhi ya mitaa ya kifahari jijini Nairobi, darasa la saa moja linaweza kumgharimu mtu zaidi ya ujira wa siku nzima wa kibarua. Kuna mikeka maalumu ya kigeni na mavazi maalumu ya kubana, na mtu hutoka pale akidhani kwamba bila hayo hakuna yoga. Huo ni udanganyifu wa biashara. Mkeka wa ukindu unatosha. Ukiteleza, tandika blanketi. Vaa suruali ya kulalia, au dera juu ya suruali, mradi hakuna kinachokubana tumbo.

JINSI YA KUANZA

Kwa asiyekuwa na mwalimu karibu, haya manne ni mepesi. Fanya asubuhi kabla ya kula, au jioni saa mbili au tatu baada ya mlo. Pumua kwa pua, polepole.

Kwanza, lala chali juu ya mkeka. Kunja goti moja na ulivute taratibu kuelekea kifuani kwa mikono miwili. Pumua mara tano, shusha, kisha ufanye mguu wa pili. Hatimaye vuta magoti yote mawili pamoja.

Pili, ukiwa ungali chali, kunja magoti na uweke nyayo chini. Inua makalio taratibu hadi mwili uwe kama ubao ulioegemezwa, mabega yakibaki chini. Pumua mara tatu, kisha shuka. Rudia mara tano. Zoezi hili huimarisha makalio na kiuno.

Tatu, piga magoti na uweke viganja chini kama mtoto atambaaye. Ukitoa pumzi, upinde mgongo juu kama paka aliyeona mbwa. Ukivuta pumzi, uteremshe na uinue kichwa kidogo. Rudia mara kumi bila haraka.

Nne, ukiwa katika hali hiyo ya kutambaa, rudisha makalio nyuma uyakalie visigino, mikono ikiwa imenyooshwa mbele na paji la uso likielekea chini. Likikosa kufika mkekani, weka mto. Kaa hapo ukipumua mara kumi.

Mwisho lala chali dakika tano bila kufanya lolote. Wengi huiacha sehemu hii wakidhani ni uvivu. Msiiache.

Fanya hivi siku nyingi za wiki kwa miezi mitatu kabla ya kutoa hukumu. Wale wa Boston walipimwa baada ya wiki 12, si baada ya siku mbili. Mwaka niliolazwa juu ya ubao, mimi nilifundishwa hatimaye na kijana mmoja wa mtaani kwetu katika ukumbi wa kanisa. Wiki ya kwanza nilijiona mjinga. Wiki ya sita nilijifunga viatu mwenyewe. Mgongo wangu huuma hata leo nikizembea, lakini haujanilaza tena.

TAHADHARI

Kuna maumivu ya mgongo ambayo hayahitaji mkeka bali daktari, na upesi. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, mguu ukilegea, au maumivu yakianza baada ya ajali, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Vilevile maumivu yakija pamoja na homa, kutokwa na jasho usiku au kukonda bila sababu, usingoje. Tukumbuke kwamba kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo.

Mwenye presha isiyodhibitiwa au glakoma ya macho asisimame kwa kichwa wala kukaa katika mkao wowote unaoinamisha kichwa chini kwa muda mrefu. Mama mjamzito asilalie tumbo, asijisokote kwa nguvu, na miezi inapoendelea asilale chali kwa muda mrefu. Mzee ambaye mifupa yake imedhoofika asijikunje mbele kwa kulazimisha. Na kwa wote: kuvutika kidogo ni sawa, lakini maumivu makali ni ishara ya kuacha. Yoga haina mashindano. Anayejilinganisha na jirani yake darasani ndiye anayetoka ameteguka.

Wala mtu yeyote asiache dawa za presha, kisukari au ugonjwa mwingine kwa sababu ameanza yoga. Mwalimu anayekwambia utupe dawa mkimbie.

WAJIBU WETU

Kuanzia mwaka 2007 shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa na Mmarekani Paige Elenson, limekuwa likiwafunza vijana wa Nairobi, wakiwemo wa mitaa ya mabanda, kuwa walimu wa yoga. Vijana hao wamethibitisha kwamba mazoezi haya yaweza kufundishwa kwa Kiswahili na Sheng, katika uwanja wa shule au ukumbi wa mtaa, bila kioo kikubwa ukutani. Kazi hiyo isiachiwe shirika moja.

Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupimia shinikizo la damu. Watu hawa huingia katika nyumba ambazo daktari hazijui. Iwapo kila mmoja angefundishwa mazoezi manne au matano ya mgongo pamoja na dalili za hatari nilizozitaja, mama muuza mboga angepata mlangoni kwake kile ambacho wa Boston alikipata kituoni. Kaunti zina kumbi ambazo siku nyingi hukaa zimefungwa. Makanisa na misikiti yana nafasi. Vyama vya kina mama hukutana kila wiki kuchanga pesa. Nusu saa ya mkeka kabla ya kuhesabu pesa haitavunja chama.

Waajiri nao wafikirie. Karani anayelala nyumbani siku tatu kila mwezi kwa sababu ya kiuno anawagharimu zaidi kuliko dakika kumi za kujinyoosha kila asubuhi.

Na wewe msomaji, usingoje kaunti wala mwajiri. Afya ya mgongo hairudi kwa siku moja kama ambavyo haikupotea kwa siku moja. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Usiku wa leo, kabla ya kufungua ile karatasi ya vidonge uliyoizoea, tandika mkeka, lala chali, na uvute goti moja kifuani.